Konzi la Sita

Siku hizi Tanga huwezi kula pilau la shughuli kimya kimya. Tonge la kwanza halijafika tumboni, kifua chako chenyewe kinakuuliza: "La nani?"

Ni Mlinzi huyo. Kidude chenyewe hakifiki ukubwa wa mbegu ya tikiti, kimepachikwa chini ya mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua, wa kila mtu aliyevuka miaka arobaini, na kinasema na mwenyewe kupitia mfupa wa sikio kwa sauti ya adabu kama ya karani aliyeanza kazi juzi. Ukimwambia umekula ndizi mbivu, ananyamaza. Ukimwambia maharage, anauliza kama yametiwa nazi. Ukitaja pilau, anataka jina la mpishi, na hatulii mpaka umtajie.

Wataalamu waliomleta walikuja na jedwali lao, pilau moja kwa nchi nzima. Haikupita miezi mitatu wakatambua kwamba hapa Ngamiani hakuna kitu kinachoitwa pilau tu. Kuna pilau la Bi Saumu, kuna pilau la Mwanakheri, na kuna la wale mabwana wa Barabara ya Tisa ambalo afadhali tulinyamazie. Basi wapishi wote wa shughuli wakaitwa, wakapikishwa mbele ya mashine, chumvi yao ikapimwa, na kila mmoja akaandikwa katika kitabu kinachoitwa Daftari la Vyungu. Kitabu kiko wazi, mtu yeyote anakisoma. "Saumu Mbwana: sufuria la kilo hamsini, makonzi kumi na mawili ya chumvi." Mlinzi akisikia jina hilo, anaachia dawa ya presha ya kukabili makonzi kumi na mawili. Na dawa yenyewe ikishatoka haina kurudi. Inafanya kazi usiku kucha na mchana wake.

Sasa Jumapili moja asubuhi, wiki mbili kabla ya Ramadhani, Bi Saumu mwenyewe alikuwa uani kwa watu Barabara ya Kumi na Nne, kawapa mgongo wasaidizi wake wote. Chumvi yake haitii mbele ya macho ya mtu. Huo ni mwiko wake tangu ujana, na wanawake wanaopika naye wanauheshimu. Akishika gunia la chumvi, wao wanakwenda kuosha sinia. Akatia konzi la tano. Akatia la sita. Akasimama kidogo na mkono mtupu juu ya mvuke, kisha akafunga gunia.

Sita. Nusu kamili. Ilimchukua mwaka mzima kufika hapo, akipunguza konzi moja kila baada ya miezi miwili, na hakuna mtu hata mmoja aliyegutuka. Wala si kwamba watu wa Tanga hawana ulimi, la hasha! Ni kwamba mama huyu anaijua kazi yake. Kila konzi alilolipunguza alilifidia mahali pengine: kitunguu alikikaanga mpaka karibu na kuungua, bizari nzima akaikaanga kavu kabla ya kuitwanga, ndimu akaikamua mwishoni. Na lile konzi la sita hakulikoroga na mengine, alilinyunyiza juu kabla ya kufunika, ili ulimi wa mtu ukutane nalo mwanzo kabisa. Watu wakala wakalamba vidole. "Bi Saumu siku hizi mkono umekolea," walimwambia, naye akajibu alhamdulillahi huku anatazama pembeni.

Alikuwa anafunika sufuria simu ilipolia. Alikuwa wifi yake, Chiku.

"Wifi, acha kila kitu. Kaka yako kaanguka."

"Kaanguka wapi? Kwa baiskeli?"

"Baiskeli gani! Kainama kuvaa viatu, akaenda chini kama mzigo. Tupo hospitali. Njoo, wifi, njoo."

*

Mbaruku Mbwana alikuwa na miaka sabini na moja, fundi baiskeli mstaafu, na kama Mlinzi angekuwa mwalimu basi Mbaruku ndiye angekaa dawati la mbele. Aliambiwa atembee, akatembea. Kila alfajiri baada ya swala alikwenda Raskazone na kurudi kwa miguu, yeye aliyeishi maisha yake yote juu ya tandiko. Sigara aliziacha kwa siku moja, akanuna kwa mwezi. Mihogo ya kukaanga aliiaga. Kulala alilala mapema, na Chiku alipotaka kupiga soga aliambiwa, "Mlinzi kasema saa nne." Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo hakuiona kuwa kasoro: hakatai mwaliko. Yeye ndiye mkubwa wa mtaa, harusi bila yeye haikamiliki. Na huu ulikuwa msimu wa vunja jungu, kila mwenye binti anataka kumwoza kabla ya mfungo. Kwa siku nane alikuwa amekula shughuli tatu. Zote tatu alipika dada yake.

Bi Saumu alimkuta amelala chali, uso umemsinyaa, midomo haina rangi. Alipomwona alijitahidi kucheka.

"Kitunguu umekuja," alisema. Hilo ndilo jina alilomwita tangu utotoni, kwa ajili ya kitunguu saumu. "Usiniangalie hivyo. Mimi nimekula chumvi nyingi, siendi kwa kuanguka barazani."

Alikuwa na maana ya umri tu, kama watu wanavyosema. Bi Saumu aliyasikia maneno yale, akakaa kwenye ukingo wa kitanda bila kukaribishwa.

Daktari wa upasuaji aliingia na kioo chake cha vipimo mkononi. Kijana mpole, alimwamkia kila mtu shikamoo kabla ya kufungua mdomo kuhusu ugonjwa. Akawaonyesha mistari.

"Mama zangu, tazameni hapa. Hii ni chumvi aliyokula mzee kwa siku nane, kwa mujibu wa Daftari. Ni nyingi sana. Kwa chumvi hii na umri huu, hata akiwa na dawa, presha ilitakiwa ikae juu kidogo. Sasa angalieni yenyewe." Kidole chake kikashuka na mstari mpaka chini ya kioo. "Imeanguka. Kila baada ya shughuli imeanguka zaidi. Chumvi inaingia, presha inashuka. Hilo hulioni ila kwa moyo uliochoka kabisa, moyo ambao hauwezi tena kusukuma."

"Kwa hiyo?" Chiku aliuliza.

"Kwa hiyo tusisubiri. Alhamisi tunautoa, tunampa wa kiwandani. Ni kazi ya saa tano, na wengi wanaamka salama."

"Wengi," Chiku alirudia.

"Wengi, mama. Siwezi kukwambia wote."

Mbaruku aliweka kiganja juu ya kifua chake, taratibu, kama mtu anayemtuliza mtoto. Macho yalimlengalenga, na hakuyaficha. "Miaka sabini na moja niko nao huu," alisema. "Daktari, na huo wa kiwandani utakuwa unaruka nikimwona mjukuu wangu? Au unapiga tu?"

Daktari alirudisha macho kwenye kioo chake. Bi Saumu alikuwa nalo jibu, lakini si la swali hilo. Alilijua lote, tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa mara moja. Kaka yake hakula makonzi kumi na mawili. Alikula sita. Dawa ya kumi na mawili ikamwagika katika mwili wenye chumvi ya sita, mara tatu mfululizo, na mtu akaanguka kwa sababu alikuwa ametiliwa dawa nyingi kupita kiasi. Moyo ule haukuwa na kosa lolote.

Alitaka kusema pale pale, akamtazama Chiku, akamtazama kaka, na sauti haikutoka. Aibu ni kitu kibaya, inamfunga mtu mzima kama kamba. "Nakuja," alisema, akatoka karibu kukimbia, kanga moja ikamdondoka mlangoni na hakurudi kuiokota.

*

Dakta Eliwaza wa Ofisi ya Mapigo, ile inayomsimamia Mlinzi, alikuwa mwanamke wa Kipare, mrefu, mwenye kusema kidogo, na baba yake alifariki siku ya pili ya harusi ya mdogo wake, bado hina haijatoka mikononi mwa watu. Alikuja kwa Bi Saumu mwaka uliopita, wakakaa jikoni juu ya vibao vya kukunia nazi, na hakumficha kitu. Mwaka uliotangulia watu ishirini na sita wa Ngamiani walikufa ndani ya siku tatu baada ya shughuli. Mlinzi alishindwa kuwaokoa, kwani dawa ina mpaka wake. Kilichohitajika ni chumvi ipungue chunguni.

"Si mtangaze basi," Bi Saumu alimwambia siku ile. "Waambieni watu, pilau la chumvi kidogo."

Walikuwa wameshatangaza. Walifanya harusi moja Chumbageni, wakaandika ubao mkubwa: PILAU LA AFYA, CHUMVI KIDOGO. Ndani ya sufuria walitia chumvi ile ile ya siku zote, hawakupunguza hata punje, walitaka tu kuona. Watu wakaonja, wakakunja uso. Chapwa! Halina ladha! Sufuria nzima ikabaki, na wageni wakaenda kununua mishikaki barabarani. Bi Saumu aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaacha kucheka, kwa kuwa alielewa anachoombwa. Aliwaza siku tatu. Akakubali.

Sasa alisimama mbele ya meza ya yule mwanamke na kumweleza yote kwa pumzi moja. Dakta Eliwaza alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilidhani Mlinzi atajirekebisha," alisema. "Anasoma presha, akiona imeshuka anapunguza dawa mara inayofuata. Lakini anapunguza taratibu, Bi Saumu, kwa mtu anayekula shughuli moja kwa mwezi. Sikufikiria mtu wa shughuli tatu kwa wiki. Mungu wangu! Sikumfikiria mkubwa wa mtaa."

"Mpigie simu huyo daktari."

Alikuwa ameshaishika. Alizungumza na hospitali kwa dakika kumi, maneno ya kitaalamu, na Bi Saumu alisikia mara mbili neno Alhamisi na mara moja neno futa. Simu ilipowekwa chini, Eliwaza alijifuta macho kwa kiganja.

"Hawamgusi. Watamtundikia maji ya chumvi, dawa itakwisha mwilini, kesho kutwa atakaa mwenyewe. Wataandika kosa la usomaji."

"Na watu wengine?"

"Nitaingia ndani ya mfumo. Hesabu yako nitaishusha mpaka sita, kimya kimya, ile wanayoiona watu katika Daftari ibaki kumi na mbili. Leo hii hii nitafanya. Hakuna atakayeanguka tena."

"Kwa hiyo Mlinzi atajua," Bi Saumu alisema polepole.

"Atajua."

"Ni watu tu ndio hawatajua."

Dakta Eliwaza alivuta karatasi mezani. Kisha akamwonyesha hesabu, labda kwa sababu hakuwa na kingine cha kujitetea. Mwaka huu, siku tatu baada ya shughuli, Ngamiani walikufa watu wanne. Kutoka ishirini na sita. Na Bi Saumu hakuwa peke yake. Wapishi kumi na mmoja katika mji huu walikuwa wanapunguza, kila mmoja akidhani ni yeye tu.

"Wangapi walianguka kama kaka yangu?"

"Tunaowajua ni kumi na saba. Hakuna aliyekufa." Aliiweka karatasi chini. "Bi Saumu, nakuomba kama mama yangu. Ukisema, hawatakuamini wewe wala hao kumi. Kila nyumba itarudisha gunia lake la chumvi, na wataongeza kwa hasira. Wale ishirini na wawili ambao hawakufa mwaka huu, ni nani atakayewalinda mwakani?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, na anayesema palikuwa rahisi hajawahi kushika mwiko wa watu mia nne. Mtu anayekuja shughulini haulizi kilichomo chunguni. Anaketi, ananawa, anasema bismillahi, anakula kwa kukuamini wewe tu. Bi Saumu alikuwa amewaibia imani hiyo na kuwalipa kwa uhai wao. Alishindwa kusema kama hiyo ni biashara mbaya. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Shusha hiyo hesabu," akaenda zake.

*

Mambo yakawa kama alivyoahidiwa. Jumanne Mbaruku alikaa kitandani akaomba uji. Jumatano alimgombeza muuguzi kwa kumfungia dirisha. Alhamisi, siku ambayo angepasuliwa kifua, alirudi nyumbani kwa miguu yake na kuwaambia majirani wote kwamba moyo wake ni wa chuma cha baiskeli ya zamani, si haya mabati ya siku hizi. Chiku alilia kwa furaha, akaita dua ya shukrani Ijumaa baada ya swala, na mpishi hakuulizwa ni nani.

Bi Saumu alipika. Alipofika kwenye chumvi aliwapa watu mgongo kama kawaida, akahesabu, na kwenye konzi la sita nusu ikamponyoka, ikamwagika kwenye kuni. Akachota upya.

Watu walijaa uani mpaka barazani. Dakta Eliwaza naye alikuwepo, amealikwa na Mbaruku mwenyewe, amekalishwa mbele pamoja na wazee. Dua ikasomwa. Kabla ya sinia kutoka, Mbaruku alisimama, kanzu imempwaya kidogo kwa zile siku za hospitali.

"Jamani, sina hotuba," alisema. "Niliogopa. Nasema kweli, niliogopa kama mtoto. Namshukuru huyu Dakta aliyepiga simu, sijui aliona nini katika mashine zake, lakini aliona. Sasa mfungo umekaribia, na mimi nimeonyeshwa kwamba mtu anaweza kuondoka akiwa anafunga kiatu. Tuhalalishane. Kama nilikula chako bila kukwambia, kama nilikusema vibaya, kama nilikukosea ukanyamaza, nihalalishie."

"Tumekuhalalishia," watu wakaitikia, "nawe utuhalalishie!"

Alianza kuzunguka kama ilivyo desturi, mmoja mmoja, mkono kwa mkono. Alimfikia Chiku, wakacheka kwa jambo lao wenyewe. Kisha akasimama mbele ya dada yake, aliyekuwa kwenye mlango wa jiko na mwiko mkononi.

"Saumu, mdogo wangu. Nihalalishie."

"Nimekuhalalishia, Kaka."

"Na mimi—"

"Ngoja," Bi Saumu alisema. "Usiseme bado. Hujui unachonihalalishia."

Wale waliokuwa karibu waligeuka kumtazama, na vichwa vikageuka mpaka barazani. Bi Saumu aliona uso wa Dakta Eliwaza ukiinuka. Alijua kwamba akijibu jambo moja dogo, utani wowote, yatapita, wataleta sinia, watakula, na mwakani watakuwa hai. Alijua hivyo, na bado hakuweza kuupokea msamaha wa mtu asiyejua anachosamehe. Angeuiba nao pia.

"Mwaka mzima," alisema kwa sauti, "nimewapunguzia chumvi mpaka makonzi sita, mkidhani mnakula kumi na mawili. Nilipunguza kidogo kidogo ili msijue. Nilitaka msife. Lakini Mlinzi wenu naye hakujua, akawatia dawa ya kumi na mawili. Kaka hakuanguka kwa moyo. Alianguka kwa mkono wangu. Karibu wampasue kwa sababu yangu."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akidhani ni mzaha. Mwingine akasema, "Sita? Mbona tamu?" na akanyamazishwa na mkewe.

Dakta Eliwaza alisimama. "Wazo lilikuwa langu," alisema. "Mimi ndiye niliyemwomba. Yeye alitaka mtangaziwe."

"Na mkono ulikuwa wangu," Bi Saumu alisema. "Mwambieni akae."

Mwanamke mmoja, Bi Tatu wa Barabara ya Kumi na Moja, alisogea mbele. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililoumiza. "Bi Saumu. Mama yangu alianguka chooni siku ya pili ya harusi ya kina Jumbe. Nyonga ikavunjika. Mpaka leo hatembei. Ilikuwa ni hiyo?"

"Sijui, mwanangu."

"Hujui?"

"Yawezekana ni hiyo. Sitakudanganya tena. Yawezekana."

Bi Tatu alijifunga kanga vizuri, akatoka uani bila kuaga mtu. Watu watano sita wakamfuata. Wengine walianza kunong'ona, na mzee mmoja akauliza kwa sauti ya juu ni wapishi gani wengine, akataka majina. Dakta Eliwaza alisema Daftari litaandikwa ukweli kabla ya jua kuzama, la kila mpishi, kila mtu asome. Wapo waliomzomea. Wapo waliokaa wakishika vifua vyao, wakikumbuka pengine kizunguzungu cha siku fulani, au pengine wakihesabu harusi walizokula mwaka huu na kuamka salama.

Mbaruku bado alikuwa ameushika mkono wa dada yake.

"Baba alipofariki ulikuwa na miaka mitano," alisema mwishowe, taratibu, kama wako wawili tu. "Nilikulisha mimi. Ulikataa dagaa, nikakudanganya kuwa ni kuku, ukala. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ulikuwa mtoto. Mimi nina miaka sabini na moja, Saumu. Ungekuja ukaniambia, Kaka, punguza chumvi. Ningenuna. Ningekutolea maneno. Labda ningekwenda kula kwa Mwanakheri kukukomoa. Labda ningekufa. Lakini ningekuwa mimi niliyeamua." Aligusa goti lake. "Kila alfajiri natembea mpaka Raskazone, magoti yananiuma. Nimeacha sigara. Ulidhani hilo moja nisingeliweza?"

Bi Saumu alitikisa kichwa. Machozi yalimtiririka, na mkono wenye mwiko haukuweza kuyafuta. "Nilikuogopea," alisema. "Nilikuogopea tu, Kaka."

"Najua. Chumvi nimekuhalalishia. Na kile kitanda cha hospitali nimekuhalalishia, hata kisu cha Alhamisi. Hili la kunifanya mtoto, bado. Siwezi kusema uongo mbele za watu siku kama hii. Likinitoka moyoni nitakuja kukwambia." Akauachia mkono wake. "Sasa nenda kapakue. Waliobaki wana njaa."

Bi Saumu akaenda. Alifunua sufuria, mvuke ukamjia usoni, akaita, "Pilau hili ni makonzi sita! Anayetaka chumvi, bakuli hili hapa!" Akaliweka bakuli juu ya kigoda. Kisha Chiku akaja na sahani, na nyuma yake mwanamume yule aliyesema tamu, na nyuma yake wengine wachache. Baadhi walichota chumvi kwa makusudi, wakamtazama. Aliwapakulia wote.

Mbaruku alikuja mwisho wa foleni kama mgeni yeyote, sahani mkononi, macho yake kwenye sufuria. Bi Saumu alichota wali kidogo, akachagua mnofu usio na mafuta, kama alivyomchagulia mwaka mzima. Mwiko ukiwa hewani, mkono ukasita.

"Kiasi gani, Kaka?" aliuliza.